Lori la Babu Yako Halikuugua Baridi

Ekero, Jumapili alasiri,
4 Januari 2026

Mwanangu Khasandi,

Nimeandika tarehe hapo juu kama nilivyofundishwa, na chini yake naweka ahadi: nitakuambia yote, hata lile nililokuficha tangu ulipokuwa unatambaa. Umekwenda Iguhu kumuaga mama yako mdogo, na kwa jinsi ninavyomjua hatakuachilia kabla hujala mpaka ukashindwa kuinuka. Kwa hiyo nina saa tatu hivi. Kalamu ni mpya. Karatasi nimezitoa katikati ya daftari ili pengo lisionekane, maana Mwalimu Wafula wa Fizikia hukagua.

Barua hii nitaiweka ndani ya sanduku lako, chini ya ile sweta nzito, mahali ambapo najua mkono wako utafika jioni ya kwanza ya baridi ya huko Nyandarua. Ningeweza kungoja nikupigie simu. Lakini tunajuana, wewe na mimi, tukiwa kwenye simu. Tutaulizana habari za ng'ombe, tutaulizana habari za mvua, halafu mmoja wetu atasema mtandao unasumbua, na kumbe hausumbui.

Sitakuambia uvae soksi mbili. Sitakuambia ule, usali, ufunge mlango. Una miaka ishirini na mitatu na umeendesha lori la miwa kwa miaka miwili katika barabara zetu hizi. Mtu wa namna hiyo hafundishwi kufunga mlango. Nataka tuzungumze juu ya neno moja ulilolisema Jumapili iliyopita.

Tulikuwa tunaosha vyombo. Nilikuwa ninakutajia vitu ulivyoandikiwa na chuo, ovaroli, spana, viatu vya ufundi, na wewe ukaacha kuisugua sufuria. Kisha ukasema, "Mama, labda nisiende."

"Kwa nini?"

"Nani ataendesha lori? Nikienda utaacha shule tena kwa sababu yangu."

Nikakuambia uache upuuzi, nikakurushia kitambaa cha kupangusia, kikakupata usoni, tukacheka. Lakini neno moja katika hayo limekaa nami wiki nzima. Si "shule" wala si "lori". Ni "tena".

Ili nilijibu vizuri inabidi nianze na lori lenyewe. Vumilia. Najua hadithi yake unaijua, lakini unaijua kutoka chini ya gari. Mimi nilikuwa nimesimama juu, na huko juu yalitokea mambo mengine.

Unakumbuka mwezi wa Julai, mwaka juzi. Nilikuwa nimeingia kidato cha pili mwezi wa Januari, na sketi yangu ya kijani, katikati ya watoto ambao ungewatuma dukani. Wewe ulikuwa umeshika usukani ili mimi nishike kalamu. Na lori, lile lori kuukuu la babu yako, lilikuwa likilala kila usiku mahali pamoja tangu mimi ni msichana, pale mteremkoni nyuma ya nyumba, kichwa kikitazama bonde. Baba yangu hakukubali liegeshwe kwingine. "Gari langu halilalangi tambarare," alikuwa akisema, na sisi tulidhani ni kwa ajili ya kulisukuma siku stata ikikataa. Chini ya tumbo lake aliweka mkebe mtupu wa mafuta ya kupikia, na kila asubuhi mkebe ulikuwa na dizeli kidogo, ambayo mama yangu aliitumia kuwashia kuni mbichi. Babu yako alipofariki tuliendelea vilevile. Lori mteremkoni, mkebe chini yake. Hakuna aliyeuliza.

Mwaka ule mvua ikachimba mtaro katikati ya mteremko, gurudumu zima lingeweza kuingia. Tukalihamisha lori mbele, karibu na geti, pale ardhi inapopanda kidogo kwenda barabarani, na ukaliegesha likitazama njia ili liwe rahisi kutoka. Wiki hiyohiyo baridi ya Julai ikashuka, ule ukungu wa asubuhi unaofanya miwa ionekane kama imefunikwa shuka. Na lori likaanza kugoma.

Asubuhi unapiga stata, linakohoa, linakohoa, linatoa moshi mweupe, linanyamaza. Mara ya kumi au ya kumi na tano ndipo linashika, na wakati huo foleni ya kiwandani imeshapita mbele yetu. Mchana ukilizima na kuliwasha tena halina neno. Kila aliyepita njiani alikuwa na jibu, na jibu lilikuwa moja. Ni baridi. Jambo moja tu lilitufurahisha siku zile. Mkebe ulikuwa mkavu. "Angalau limeacha kuvuja, Mama," ulisema, nami nikamshukuru Mungu kwa hilo, kwa sauti, kwenye sala ya chakula.

Sasa makosa yangu.

La kwanza, nilinunua betri mpya. Lori likakohoa kwa nguvu zaidi, basi.

La pili, nilikuwa nimesikia madereva wa sehemu za baridi huwasha moto chini ya injini. Nikajaza magunzi ya mahindi katika beseni la chuma, nikayawasha, nikalisukuma beseni chini ya gari saa kumi na moja na nusu alfajiri kabla ya kwenda shule. Sweta yangu ya shule nilikuwa nimeitundika kwenye bampa ikauke. Sina haja ya kukukumbusha ulivyotoka nyumbani ukikimbia na ndoo, ukaniuliza kama nataka kulipasha lori au kulichoma. Lakini hukuwa darasani saa mbili asubuhi, niliponukia moshi na dizeli kuanzia dawati la mbele mpaka la nyuma. "Mathe," akasema kwa Sheng yao yule msichana anayeketi nyuma yangu, "leo umekuja na lori ndani?" Mpaka sasa nusu ya darasa wananiita Mama Dizeli. Nimelizoea, hata nikaitikia mbele ya mwalimu mkuu.

La tatu sicheki nikilikumbuka. Nilikulaumu wewe. Fundi Shitanda alikuwa amesimama hapo, kichwa ndani ya injini, nami nikasema mbele yake kwamba unakesha kwenye kebini ukisikiliza redio na ndiyo maana asubuhi betri haina nguvu. Ukanijibu taratibu, "Mama, redio haina spika. Nilizitoa mwezi wa tatu." Nilikuwa najua. Nilikuona ukizitoa. Nikaendelea kusema hivyohivyo, kwa sababu nilikuwa nimechoka na wewe ndiye uliyekuwa karibu.

Samahani kwa lile. Nimechelewa mwaka na nusu, lakini imeandikwa, na huwezi kusema hukuisikia.

Fundi Shitanda naye, unajua alivyo. Kila alipoitwa aliinama, akaibonyeza ile pampu ndogo ya mkono kwa kidole gumba, mara ishirini, mara thelathini, akasema "piga", na lori likawaka. Kisha akajifuta mikono na kusema, "Baridi, Mama Khasandi. Na pampu kubwa imechoka. Tuishushe, tuipeleke Kisumu." Wala hatukujiuliza kwa nini kidole chake kinashinda baridi. Nilikuwa nimeshampata mtu wa kumnunua ng'ombe wetu ili pampu iende Kisumu.

Wiki hiyo tulikuwa na jaribio la Fizikia, jiwe limefungwa kwenye uzi, linaning'inia, tunapima linavyokwenda na kurudi. Kundi letu lilibadilisha uzi likabadilisha na jiwe, kwa pamoja, ili tumalize mapema. Mwalimu Wafula akaja, akatazama daftari letu. "Mmebadilisha vitu viwili mara moja," akasema. "Sasa mtajuaje ni kipi kilicholeta tofauti?"

Nikanyoosha mkono. "Mwalimu, lori letu."

Darasa likaanguka kwa kicheko. Yeye hakucheka. Ni kijana, angeweza kuwa mdogo wangu wa mwisho, lakini ana subira ya mzee. "Lori limefanyaje, mama?"

Nikamweleza. Akauliza baridi ilianza lini. Nikamwambia wiki ya kwanza ya Julai. "Na nini kingine kilibadilika wiki hiyo?" Nikafikiri, nikasema hakuna, nikaketi.

Jioni nikarudi nyumbani kwa miguu. Nilipofungua geti nikakuta lori limenikodolea macho, taa mbili, uso mzima. Nikasimama pale na begi langu mgongoni. Maisha yangu yote nimefungua geti lile, na kabla ya Julai ile sikuwahi hata siku moja kulikuta lori likinitazama.

Nilikuita kwa sauti mpaka jirani akatoka.

Yaliyofuata tuliyafanya pamoja, na sijawahi kufurahia kazi namna ile. Jumamosi tuliliacha palepale getini, hatukuligusa, mpaka jua likawa utosini na bati la kebini likawa halishikiki. Ukapiga stata. Likakohoa, likatoa moshi mweupe, likanyamaza. Ukachungulia dirishani ukaniuliza, "Mama, na hii nayo ni baridi?" Jumapili baada ya kanisa tukajaza mtaro mawe na masalio ya miwa, tukalirudisha mteremkoni, kichwa kikitazama bonde, mkebe chini yake kama zamani. Jumatatu ilikuwa asubuhi ya baridi kuliko zote za mwezi ule. Uligusa ufunguo mara moja. Liliunguruma mpaka kuku wakapanda ukutani.

Na mkebe ulikuwa na dizeli.

Ukaingia chini ya gari ukiwa umeubeba mkebe huo, ukapapasa kutoka kwenye tangi mpaka kwenye injini. Kisha sauti yako ikatoka. "Mama, halikuacha kuvuja. Likiinamisha kichwa, dizeli inatoka nje. Likiinua kichwa, hewa inaingia ndani, na dizeli yote inarudi kwenye tangi. Asubuhi injini inavuta upepo."

Uliniambia niiname. Ukanionyesha mpira unaotoka kwenye tangi, na juu yake kipande cha tyubu kimezungushwa mara tatu na kufungwa kwa fundo. Fundo nililitambua kabla hujaligusa. Ndilo baba yangu alilofungia kamba za ng'ombe. Ulipolikata, chini yake kulikuwa na ufa usiozidi ukucha.

"Babu alijua," ukasema.

Alijua, Khasandi. Alijua miaka yote ile, na badala ya kubadilisha mpira akapanga boma zima kuuzunguka ufa. Akatuchagulia mteremko, akatuwekea mkebe, akatutungia na sheria. Wewe uliubadilisha ule mpira kwa muda usiotosha kupika obusuma, ugali wetu. Fundi Shitanda alipokuja kuona, akakuna kichwa akasema, "Hata mimi nilikuwa nashukunga hapo." Ukamuuliza, "Tangu lini, fundi?" Akasema, "Tangu sasa hivi," na akacheka kuliko sisi.

Ng'ombe tunaye bado. Na jioni ile, ukinawa mikono kwa majivu, ulisema unataka kuisomea kazi hii. Ndipo safari yako ilipoanzia.

Sasa lile nililoahidi.

Tangu utoto wako umenisikia nikiwaambia watu, "Niliacha shule nilipompata Khasandi." Nimelisema kanisani, nimelisema kwenye vikundi, nimelisema kwa wageni hata kabla hawajauliza. Ulipokuwa darasa la tatu tulikuwa tunapalilia mahindi, ukaniuliza, "Mama, kama nisingezaliwa, ungekuwa mwalimu?" Nikakujibu, "Labda," nikaendelea kupalilia. Niliona jembe lako likisimama. Niliona, nikajifanya sikuona.

Haikuwa hivyo. Ulipokuwa na miezi saba, mwalimu wangu mkuu alikuja hapa nyumbani, kwa miguu, na viatu vyake vizuri vikiwa vimejaa tope. Aliketi pale penye kabati sasa. Akamwambia baba yangu kwamba nafasi yangu ipo, nirudi muhula ujao. Mama yangu alikuwa amekupakata. Akasema, "Arudi. Mtoto nitabaki naye mimi." Baba akasema yeye hana neno. Wote wakanigeukia mimi.

Nikasema mtoto ananyonya, hakubali mtu mwingine.

Wakati huo, mwanangu, ulikuwa mapajani mwa mama yangu, unalishwa ndizi iliyopondwa, unacheka na kumpiga kifuani ili akuongeze. Hukunitazama hata mara moja. Kila mtu chumbani aliliona hilo. Mwalimu mkuu alinywa chai yake, akaenda zake, na hakurudi.

Ukweli ni kwamba niliogopa. Niliogopa kuingia darasani nikiwa nyuma ya wenzangu. Niliogopa wasichana wangenong'ona nikipita. Ulikuwa ufa mdogo tu wa aibu, na ningeweza kuushughulikia muhula mmoja ukaisha. Badala yake nilikufunga wewe juu yake, fundo juu ya fundo, na nikaishi hivyo miaka ishirini. Watu walinihurumia, na huruma ni tamu. Kwa hiyo hakuna "tena", Khasandi. Sikuacha shule kwa sababu yako mara ya kwanza, na siwezi kurudia jambo ambalo halikutokea.

Wasichana wale niliowaogopa, unajua? Nimewapata hatimaye, na sasa ni wanafunzi wenzangu, wa umri wa binti zao. Wananong'ona kweli. Kisha wananiomba niwafundishe kusuka.

Huko uendako injini zitakataa kuwaka kila asubuhi, na kila mtu atakuwa amekwisha kukuambia jina la ugonjwa kabla hujafungua boneti. Mara nyingine itakuwa baridi kweli, sisemi haiwezekani. Lakini uliza kwanza kilichobadilika wiki ile. Na siku utakapokosea, maana utakosea, tazama ni nani aliyesimama karibu nawe na umwache salama. Sina ushauri mwingine wa ufundi. Mengine utanifundisha wewe.

Lori usiliwazie. Fundi Shitanda ana leseni, ataliendesha mpaka nimalize mtihani wangu mwisho wa mwaka. Ameniuliza alilaze wapi usiku. Nimemwambia popote apendapo, akitaka hata likitazama mbinguni, litaamka. Kesho wewe unapanda gari na mimi naanza kidato cha nne, saa zilezile za asubuhi.

Limebaki jambo moja, na hili nataka ulijibu mara tu utakapoisoma barua hii, kwa karatasi, si kwa simu, ili nijibiwe kama nilivyouliza.

Jumamosi ya tatu ya Februari ni siku ya wazazi shuleni kwetu. Tulipofunga shule tulipewa fomu, na kila mwanafunzi lazima aje na mzazi au mlezi. Nilimwendea naibu mwalimu mkuu nikamwambia, "Lakini mwalimu, mimi ni mzazi." Akanitazama juu ya miwani. "Hapa wewe ni mwanafunzi, mama. Jaza fomu." Yule msichana wa nyuma yangu akasema, "Mathe, lete lori liketi." Babu yako na nyanya yako hawapo. Mama yako mdogo angekuja nikimwomba, na sijamwomba.

Wanapanga viti viwili viwili, cha mwanafunzi na cha mzazi, na mwalimu wa darasa anapita akimuuliza mzazi maendeleo ya mtoto wake. Najua utakavyomjibu. Utamwambia anachoma masweta. Sijali. Nimeulizia chuoni kwenu, nimeambiwa wanafunzi huruhusiwa kusafiri mwisho wa juma, na basi la Ijumaa jioni hufika Kakamega asubuhi. Fomu inarudishwa mwisho wa mwezi huu. Ninayo hapa mezani, chini ya karatasi ninayoandikia. Nimejaza jina langu, namba yangu, darasa langu, kwa mwandiko wangu mzuri, mimi mama yako, mwanafunzi wa kidato cha nne. Umebaki mstari mmoja tu, wa jina la mzazi au mlezi. Niandike lako?